Kuruhusiwa Mapema Baada ya Upasuaji: Jinsi Gharama Inavyopungua, na Kwa Nini Si Kufukuzwa

Mkazi wa Gatuanyaga anapofika Thika kumtembelea jamaa aliyefanyiwa upasuaji jana, kuna mambo mawili anayotarajia kuona: dripu imening'inia kando ya kitanda, na muuguzi akipita na sindano. Asipoyaona, na badala yake akamkuta mgonjwa ameketi akinywa uji au akitembea polepole kati ya vitanda, swali la kwanza huwa, "Mbona mgonjwa wetu hapewi dawa?" Akisikia kwamba mgonjwa huenda akaruhusiwa kesho, swali la pili hufuata, "Mbona anafukuzwa kabla hajapona?"

Maswali haya ni ya haki, na yanastahili kujibiwa. Kwa miaka mingi wakazi wamezoea kwamba matibabu mazuri ni sindano nyingi na siku nyingi kitandani. Lakini katika upasuaji wa aina nyingi imebainika kwamba mgonjwa anayeandaliwa vizuri, asiyeachwa na njaa bila sababu, anayepewa dawa sahihi kwa wakati sahihi na kuinuka kitandani mapema hupona upesi zaidi, na gharama yake huwa ndogo kwa familia na kwa hospitali. Utaratibu huo huitwa mpango wa kupona haraka baada ya upasuaji. Hutumika katika upasuaji wa utumbo, wa mifupa, wa kujifungua, na hata upasuaji wa kupunguza uzito ambao wakazi wengi wameanza kuuliza habari zake.

Sehemu moja muhimu ya utaratibu huo ilipimwa papa hapa Thika, zaidi ya miaka kumi iliyopita, na matokeo yake yakachapishwa.

Siku moja kitandani hugharimu nini?

Watu wengi wakisikia gharama ya upasuaji hufikiria chumba cha upasuaji: daktari, mtaalamu wa nusukaputi, vifaa na dawa ya usingizi. Hiyo ni gharama kubwa, lakini hulipwa mara moja. Gharama inayoendelea kukua ni ile ya siku zinazofuata. Kila siku mgonjwa anapobaki wadini hutumia kitanda, chakula, maji, dawa, glavu, pamba na muda wa wauguzi.

Kwa familia kuna bili nyingine isiyoandikwa kwenye karatasi ya hospitali. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme mgonjwa ni kibarua anayepata shilingi 500 kwa siku, na ndugu anayemhudumia naye hupoteza shilingi 500 kwa kutokwenda kazini. Tuseme watu wawili hupanda matatu kwenda na kurudi, kila mmoja kwa shilingi 200, na chai na matunda ya mgonjwa ni shilingi 200. Jumla ni shilingi 1,600 kwa siku moja, kabla ya hospitali kudai chochote. Siku tatu zikipungua, familia hiyo imeokoa shilingi 4,800.

Kiwango cha chini cha mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Katika mfano huu, siku tatu ambazo hazikuhitajika kitandani zina thamani kuliko mchango wa mwaka mzima.

Lakini siku hizo huokolewa tu ikiwa mgonjwa amepona kweli. Akiruhusiwa mapema kisha arudi baada ya wiki kidonda kikitoa usaha, gharama hupanda maradufu: dawa mpya, kitanda tena, pengine upasuaji wa pili. Ndiyo maana mpango wa kupona haraka hauanzi kwa kuhesabu siku. Huanza kwa kuuliza ni nini kinachomfanya mgonjwa akawie kitandani, na ni kipi kati ya hivyo kinaweza kuondolewa.

Mpango ulianzaje?

Katika miaka ya 1990, daktari wa upasuaji Henrik Kehlet wa Hospitali ya Hvidovre, karibu na Copenhagen nchini Denmark, alijiuliza swali hilo kuhusu wagonjwa wa upasuaji wa utumbo mpana. Wakati huo wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakilazwa kwa wiki moja na zaidi. Kehlet aliona kwamba mara nyingi si kidonda pekee kilichowaweka kitandani. Kulikuwa na maumivu yasiyotulizwa vizuri, kichefuchefu, utumbo uliolala kwa sababu ya dawa kali za maumivu, udhaifu wa kukaa na njaa, na misuli iliyolegea kwa kulala tu. Mengi kati ya hayo yalitokana na desturi za hospitali zenyewe.

Alipoyashughulikia yote kwa pamoja, wagonjwa wake waliweza kurudi nyumbani baada ya siku 2 au 3. Madaktari wengine wa Ulaya waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 2010 wakaunda chama cha kimataifa kinachotoa miongozo kwa kila aina ya upasuaji.

Kwa lugha nyepesi, mpango huo una nguzo tano.

Ya kwanza ni maandalizi. Mgonjwa huelezwa mapema atafanyiwa nini, atatembea lini na ataruhusiwa akitimiza masharti gani. Presha, sukari na upungufu wa damu hushughulikiwa kabla ya siku ya upasuaji. Mvutaji sigara huombwa aache angalau wiki nne kabla.

Ya pili ni kupunguza njaa isiyo na sababu. Zamani mgonjwa aliambiwa asile wala asinywe kitu tangu jioni, na akapelekwa kwenye upasuaji saa nane mchana. Miongozo ya sasa huruhusu wagonjwa wengi kula chakula chepesi hadi saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na kunywa maji au chai ya rangi hadi saa mbili kabla. Chai ya maziwa na uji huhesabiwa kuwa chakula.

Ya tatu ni kuzuia maambukizi: usafi wa mikono na ngozi, na antibiotiki inayotolewa kabla ya kisu kugusa ngozi.

Ya nne ni kutuliza maumivu kwa njia kadhaa kwa pamoja, ili dawa kali za jamii ya mofini zitumike kidogo. Dawa hizo husaidia sana, lakini zikizidi huleta usingizi, kichefuchefu na kufunga choo.

Ya tano ni kurudisha mwili kazini mapema. Mirija na mpira wa mkojo huondolewa mara tu visipohitajika. Mgonjwa hunywa na kula mapema, na huketi na kutembea siku ileile au kesho yake. Kutembea husaidia utumbo kuamka, mapafu kufunguka, na hupunguza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu.

Sehemu kubwa ya mpango huu haihitaji mashine mpya. Inahitaji kuacha mambo yasiyosaidia na kufanya yanayosaidia kwa wakati wake. Hilo ndilo lililojaribiwa Thika.

Thika, Februari 2011: dozi moja kabla, badala ya siku kadhaa baada

Kati ya Agosti 2010 na Desemba 2011, kwa miezi 16, madaktari na watafiti walifuatilia vidonda vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika Hospitali ya Thika, ambayo leo ni Thika Level 5. Walitaka kujua ni wangapi wanapata maambukizi kwenye kidonda, na antibiotiki zinatumikaje.

Walikuta jambo lililokuwa la kawaida katika hospitali nyingi za nchi hii na za Afrika. Karibu wagonjwa wote walipewa antibiotiki baada ya upasuaji, mara nyingi kwa sindano ya mshipa, badala ya kupewa kabla. Ilionekana kama busara: kidonda kipo, basi kilindwe kwa dawa.

Mwili haufanyi kazi hivyo. Bakteria huingia kwenye kidonda wakati ngozi iko wazi. Dawa ikiwa tayari ndani ya damu na nyama wakati huo, huwazuia wasijijenge. Ikitolewa saa kadhaa baadaye, kidonda kimeshashonwa na bakteria walioingia wameshapata nafasi. Ni kama kufunga lango la boma usiku wa manane wakati mbuzi wameshatoka jioni. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika miongozo yake ya mwaka 2016, linashauri antibiotiki ya kinga itolewe ndani ya saa mbili kabla ya kupasua, na linapinga kuiendeleza baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu.

Februari 2011, miaka mitano kabla ya miongozo hiyo, hospitali ya Thika ilianza kutumia sera yake yenyewe, iliyoandikwa na watu wake: antibiotiki itolewe kabla ya upasuaji, na zile za siku nyingi baada ya upasuaji zisitolewe bila sababu.

Mabadiliko yalikuja upesi. Katika upasuaji wa aina safi, na ule wenye uchafu kidogo tu, wiki moja baada ya sera kuanza dozi ya kabla ilikuwa ikitolewa katika asilimia 60 ya upasuaji. Baada ya wiki sita ilifikia asilimia 98. Antibiotiki za baada ya upasuaji, ambazo awali zilitolewa karibu kwa kila mtu, zilishuka hadi asilimia 40 katika wiki ya kwanza na asilimia 10 katika wiki ya sita.

Je, vidonda vilioza zaidi kwa sababu sindano zilipungua? Hapana. Watafiti walieleza wazi kwamba maambukizi hayakushuka ghafla siku sera ilipoanza, lakini kwa jumla hatari ya maambukizi ya juujuu ya kidonda ilionekana kupungua kwa kiasi. Kilichoshuka sana ni gharama ya antibiotiki, idadi ya sindano za mshipa, na muda ambao wauguzi walitumia kuzitayarisha na kuzidunga.

Mkazi anaweza kuiona faida hiyo kwa hesabu rahisi. Mgonjwa akidungwa dawa mara tatu kwa siku kwa siku tatu, hizo ni sindano tisa. Zikiwa dawa mbili, ni kumi na nane. Kila moja inahitaji bomba, sindano, maji ya kuchanganyia na dakika kadhaa za muuguzi. Katika wadi yenye wagonjwa ishirini, sindano hizo ni 360. Dozi moja kabla ya upasuaji huondoa karibu kazi hiyo yote. Muda unaobaki muuguzi anaweza kuutumia kumwinua mama akatembea, kuangalia kidonda, au kumsaidia kunyonyesha.

Mgonjwa naye huondokewa na sababu moja ya kubaki wadini, kwa maana anayesubiri sindano ya saa kumi jioni hawezi kurudi Munyu asubuhi. Kuna faida nyingine pia: antibiotiki zinazotumika bila sababu huwazoesha bakteria, na siku dawa hiyo itakapohitajika kweli huenda isifanye kazi.

Kijabe: sabuni, ngozi na nidhamu

Kaunti ya Kiambu ina mfano wa pili. Kati ya 2013 na 2015, hospitali ya AIC Kijabe iliyoko Lari ilishiriki katika mradi wa WHO pamoja na hospitali za Uganda, Zambia na Zimbabwe, tano kwa jumla. Mradi ulihusu mambo ambayo hayana gharama kubwa: mgonjwa kuoga kabla ya upasuaji, kutonyolewa kwa wembe, kupaka ngozi dawa ipasavyo, madaktari kusafisha mikono kwa dawa ya alikoholi inayoweza kutengenezwa hapa nchini, antibiotiki kwa wakati wake, na watu wasiingie na kutoka ovyo kwenye chumba cha upasuaji.

Katika hospitali nne kati ya hizo zilizokamilisha ufuatiliaji, kwa pamoja, wagonjwa waliopata maambukizi ya kidonda walipungua kutoka asilimia 8.0 hadi asilimia 3.8. Kwa kila wagonjwa 100, ni kama wanne ambao awali wangerudi na usaha na sasa hawakurudi. Ukikumbuka hesabu ya shilingi 1,600 kwa siku, utaelewa familia hizo ziliepuka nini.

Na upasuaji wa kupunguza uzito?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5. Uzito huo huja na kisukari, presha, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini. Ndiyo sababu habari za upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo zimeenea, hasa kutoka hospitali za binafsi za Nairobi.

Upasuaji huu si wa urembo wala si njia ya mkato. Kwa muda mrefu kipimo kilichotumika duniani kimekuwa uwiano wa uzito na urefu wa 40 na zaidi, au 35 na zaidi kwa mwenye ugonjwa kama kisukari, ingawa mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hiyo vilishauri viwango vishushwe. Uwiano huo hupatikana kwa kugawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa urefu wa mita 1.60 hufikia 40 akiwa na takriban kilo 102. Baada ya upasuaji atabadilisha ulaji na kutumia vitamini kwa maisha yake yote.

Kwa wagonjwa hawa kukaa kitandani kuna hatari zaidi, kwa kuwa uzito huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni na wa matatizo ya mapafu. Kwa hiyo mpango wa kupona haraka unawafaa sana. Miongozo ya kimataifa ya upasuaji huu, iliyotolewa mwaka 2016, inashauri kupunguza uzito kiasi kabla ya upasuaji, kutumia kamera kupitia matundu madogo, kutoacha mrija puani bila sababu, kupunguza dawa za jamii ya mofini, kuzuia damu isigande, na kumtembeza mgonjwa mapema.

Huko Auckland, New Zealand, madaktari waliupima mpango huo kwa wagonjwa wa kupunguzwa mfuko wa tumbo, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wagonjwa 78 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Waliohudumiwa kwa mpango wa kupona haraka walikaa hospitalini siku 1, na wenzao siku 2, kwa kipimo cha mgonjwa wa katikati. Kundi la tatu, la waliokuwa wametibiwa kabla ya mpango kuanza, lilikuwa limekaa siku 3. Wastani wa gharama kwa mgonjwa ulikuwa mdogo kwa walio kwenye mpango kuliko kwa wale wa zamani. La muhimu zaidi, waliotoka mapema hawakupata matatizo mengi zaidi wala hawakulazwa tena kwa wingi zaidi.

Mkazi anayefikiria upasuaji huu katika hospitali ya binafsi anapaswa kuuliza kabla ya kuweka amana: bei inajumuisha siku ngapi? Nikibaki zaidi, nani analipa? Kliniki za baadaye na vitamini vimo? Bima yangu inalipa sehemu gani? Na je, hospitali ina mpango ulioandikwa wa kunifuatilia nikifika nyumbani?

Nani anafaidika na akiba hiyo?

Kuanzia Oktoba 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa huduma nyingi za upasuaji hulipa hospitali kiwango kimoja kilichopangwa. Kwa kujifungua kwa upasuaji, kwa mfano, kiwango kilichotangazwa ni shilingi 30,000. Mama akikaa siku mbili au tano, kiwango ni kilekile. Hivyo kila siku isiyohitajika ni hasara kwa hospitali, na kila siku iliyopungua ni kitanda kwa mgonjwa mwingine anayesubiri.

Hapo ndipo wasiwasi wa jamaa kuhusu "kufukuzwa" una msingi. Malipo ya kiwango kimoja yanaweza kumshawishi mtu yeyote kuharakisha. Kinga ya mgonjwa ni masharti ya kuruhusiwa, na kila familia inapaswa kuyajua. Mgonjwa yuko tayari kurudi nyumbani ikiwa:

- maumivu yake yanatulizwa na vidonge, si sindano;
- anakunywa na kula bila kutapika;
- anatembea mwenyewe na anakwenda haja ndogo;
- hana homa, na kidonda ni kikavu;
- ana mtu wa kumwangalia nyumbani;
- amepewa maelezo ya dawa, tarehe ya kliniki na namba ya simu ya kupiga akipata tatizo.

Aliyetimiza yote hayo siku ya pili hajafukuzwa. Na asiyetimiza asiruhusiwe, hata ikiwa ni siku ya tano. Wapo watakaohitaji kukaa zaidi: waliopasuliwa kwa dharura, wenye kidonda kilichochafuka au maambukizi yaliyokwishaanza, waliopoteza damu nyingi, wazee wenye magonjwa mengine. Hao huenda wakahitaji antibiotiki za siku kadhaa pia, kwa sababu kwao dawa ni matibabu, si kinga. Jirani wa kitanda akidungwa na mgonjwa wako asidungwe, si upendeleo. Muulize daktari sababu.

Kazi ya mgonjwa na familia

Kabla ya upasuaji, uliza saa kamili ya mwisho ya kula na ya kunywa, na uifuate hiyo. Mwenye kisukari au hali nyingine maalum huenda akapewa masharti tofauti. Oga kwa sabuni. Usinyoe sehemu itakayopasuliwa kwa wembe nyumbani, kwa sababu mikwaruzo midogo hukaribisha bakteria. Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba.

Ukiwa wadini, sema maumivu yanapozidi ili uweze kusogea, na omba msaada mara ya kwanza ya kusimama. Jamaa wamsaidie mgonjwa kutembea hatua chache mara kadhaa kwa siku badala ya kumsihi alale.

Nyumbani, kidonda kikae kikavu na safi, bila majivu, mafuta wala dawa ya mtu mwingine. Usinunue antibiotiki dukani kwa sababu tu hukupewa hospitalini. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu ajulishwe kwamba kuna mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Simu iwe na chaji: katika kazi ile ya Thika wagonjwa walifuatiliwa pia kwa kupigiwa simu baada ya kurudi nyumbani, na hospitali haiwezi kumfikia mtu ambaye namba yake si sahihi. Hakikisha namba iliyoandikwa kwenye faili inapatikana.

Rudi hospitali mara moja, bila kungoja siku ya kliniki, ukiona lolote kati ya haya:

- homa au kutetemeka;
- kidonda kuwa chekundu, kuvimba, kunuka, kutoa usaha au kufunguka;
- maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua;
- kutapika kusikokoma, au tumbo kuvimba;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au kupumua kwa shida;
- kwa mama aliyejifungua, damu nyingi, au uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya.

Wakazi ambao bado hawajajisajili na SHA wanaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147# kwenye simu, au katika kituo cha afya kilicho karibu. Ni vyema kufanya hivyo kabla ya ugonjwa, kwa kuwa upasuaji wa dharura haungoji usajili.

Na jamaa atakayefika wadini amkute mgonjwa wake hana dripu, ameketi akinywa uji, aanze na swali tofauti: "Amebakiza sharti gani ndipo aruhusiwe?" Muuguzi ana jibu la swali hilo, na familia itajua siku ya kuja kumchukua.